Nilinunua Mashine Kabla ya Kuulizia Mkanda

Kisu kilichonifunza mashine kilikuwa cha mzee mmoja mwenye bucha pale soko la Burma, Nairobi. Kilikuwa kisu chembamba cha kutolea mifupa, bapa la inchi sita, mpini wa manjano uliolainishwa na kiganja chake kwa miaka mingi. Nilikiegemeza kwenye mkanda wa msasa wa mashine yangu ya kunolea, nikakibonyeza ili nimalize haraka, maana nyuma yake kulikuwa na vingine kumi na viwili vya kunoa kabla ya saa tano. Karibu na ncha, pale chuma kinapokuwa chembamba kuliko pengine pote, pakaingia rangi: manjano kama nyasi kavu, kisha zambarau, kisha buluu. Yote hayo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Nikaifuta ile buluu kwa msasa laini, nikajaribu makali kwenye gazeti, yakapita bila kukwama, nikampelekea mzee kisu chake.

Siku ya tatu akaja mwenyewe kibandani kwangu Shauri Moyo. "Kijana wangu," akasema, "hiki kisu kinakata kilo tano halafu kinalala. Zamani nilikuwa nakinoa Jumatatu, kinanifikisha Ijumaa." Hakunifokea. Alikiweka mezani akaenda zake kuazima kingine kwa jirani. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo yalistahili kuulizwa kabla pesa haijatoka mfukoni.

Nilikuwa nimefanya kazi ya kukata nyama kwa miaka sita kabla ya kuanza kunoa. Nilinoa kwa noo ya pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, na ile fimbo ya chuma ya kunyooshea makali. Wenzangu wakaanza kuniletea visu vyao, wakafuata wenye hoteli, mwishowe nikawa na visu thelathini kwa siku na mabega yaliyokuwa yakiwaka moto usiku. Nilikuwa na akiba ya shilingi 15,000. Nikaingia duka la vifaa mjini, nikaona mashine ndogo ya mkanda wa inchi 1 kwa 30, nikauliza bei, nikaambiwa 13,500, nikabeba. Sikuuliza jambo lingine lolote. Ndani ya boksi kulikuwa na mkanda mmoja.

Ule mkanda uliisha kwa siku tisa. Mkanda wa msasa haufi ghafla kama balbu. Unaendelea kuzunguka, unaendelea kutoa sauti, lakini chembe zake zimeshakuwa butu, na kilichobaki ni kusugua. Kusugua huzaa moto. Sasa naamini kisu cha mzee kilichomwa na mkanda uliochoka kuliko na kitu kingine chochote. Mkanda mpya hukata na kuondoka na joto lake ndani ya cheche, uliochoka huliacha joto ndani ya kisu. Mimi nilikuwa nauvumilia kwa sababu sikuwa na mwingine.

Nilizunguka mjini siku mbili nikitafuta mikanda. Mikanda niliyoiona kila duka ilikuwa ya zile mashine za mkononi za maseremala: milimita 75 kwa 533, na 100 kwa 610. Ya milimita 25 kwa 762, ambayo ndiyo hiyo inchi 1 kwa 30, niliipata duka moja tu, tena namba 80 peke yake. Namba ni ya ukubwa wa chembe: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo msasa unavyokuwa laini. Namba 80 ni ya kurekebisha umbo. Ukitaka kunoa kisu cha bucha unahitaji pia 120, 240, na 400 ya kumalizia. Nikaagiza kutoka nje, nikasubiri wiki tano. Katika kusubiri nikajaribu kukata mwenyewe vipande vya msasa wa kitambaa kutoka kwenye roli na kuviunga kwa gundi ya haraka. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu kama kioo, na mkanda unapokunjwa kwenye gurudumu dogo zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, kiungo hakidumu. Wa pili ulikatika nikiwa nimeinama juu yake, ukanichapa mkononi, alama ninayo hadi leo. Sitarudia, na usijaribu. Kiungo cha mkanda wa kiwandani huwa na utepe mwembamba wenye nguvu nyuma yake, na gundi inayokubali kukunjwa. Pia tazama nyuma ya mkanda: kama una mshale, ufunge mkanda uzunguke kufuata mshale unakoelekea, kwa kuwa kiungo cha kupandana ukikizungusha kinyume kitaanza kuchanuka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo anunue mashine gani, namuuliza kwanza ameona wapi mikanda yake, namba ngapi, na kwa bei gani. Mashine unainunua mara moja. Mkanda utaununua kila wiki maisha yako yote ya kazi.

Jambo la pili ni mwendo, na hili lilinichukua muda kulielewa kwa sababu kwenye boksi huwa wanalisifu. Kibati cha mota yangu kiliandikwa wati 250, mizunguko 2,850 kwa dakika. Gurudumu linalovuta mkanda nililipima kwa rula: milimita 100. Chukua kipenyo hicho kwa mita, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 60. Unapata karibu mita 15 kila sekunde. Hebu fikiria mita 15 za msasa zikipita juu ya ukingo mwembamba kama karatasi kabla hujasema neno moja. Kwa kutengeneza kisu kutoka chuma kizima, mwendo huo si mbaya. Kwa kunoa kisu kilichokwisha kuwa chembamba, ni mkali mno, na mashine hizi ndogo nyingi hazina pa kuupunguzia.

Hapo nikawakumbuka wale wazee wanaozunguka mitaani na baiskeli iliyofungwa jiwe la kunolea. Anapandisha stendi, anakaa, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka. Mwendo uko mguuni mwake. Akifika kwenye ncha, mguu unapoa wenyewe. Nilikuwa nikiona kazi yao ni ya kizamani, kumbe walikuwa na kitu ambacho mashine yangu ya elfu kumi na tatu haikuwa nacho.

Kuhusu zile rangi: chuma cha kisu kikishapashwa moto mkali na kuzimwa kwenye oili huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo fundi hukipasha tena kidogo ili kiwe na uvumilivu. Kwa chuma cha kawaida, ile manjano huanza karibu digrii 200 hadi 230, zambarau iko karibu 280, buluu karibu 300. Ukikipitisha juu ya joto alilolichagua fundi, unakilainisha, na hakuna msasa utakaorudisha ugumu huo. Unaweza kufuta rangi, lakini ulaini unabaki. Tena visu vya bucha vingi ni vya chuma kisichoshika kutu, na hicho huchelewa kubadilika rangi. Maana yake ni kwamba nilipoiona buluu juu ya kisu cha mzee, moto ulikuwa umepita mbali zaidi ya nilivyodhani.

Tangu hapo nanoa mikono mitupu, bila glavu. Kidole gumba kinakaa juu ya bapa, karibu na ukingo, na kikihisi joto la chai ya kunyweka, kisu kinaingia kwenye ndoo ya maji. Glavu ingenificha habari hiyo, na mkanda ungeweza kuikamata na kuivuta pamoja na mkono. Miwani siachi hata kwa kisu kimoja. Na barakoa iwe ile yenye kichujio. Wiki yangu ya kwanza nilifunga leso puani, na jioni kamasi ilikuwa nyeusi kama masizi.

Kuna kosa lingine la mashine yangu ambalo sikuliona kwa macho. Nyuma ya mkanda kuna kibamba cha chuma ambacho kisu huegemea. Visu vyangu vilikuwa vikitoka na mawimbi madogo, na nilidhani ni mkono wangu. Jioni moja stima ilipotea, nikawa na tochi ya simu mkononi, nikaweka rula ya chuma juu ya kile kibamba na kumulika kutoka nyuma. Mwanga ukapita katikati, upana wa ukucha. Kilikuwa ni bati lililokunjwa, limeingia ndani kama kijiko, tena ukilibonyeza kwa kidole linacheza. Hakuna mkono wa binadamu utakaotoa bapa lililonyooka juu ya kitu hicho. Nilibandika kipande cha chuma bapa cha milimita 5 juu yake, nikasogeza kishikio kidogo ili mkanda upite, na mawimbi yakaisha siku hiyo hiyo. Ukienda dukani, beba rula. Mwenye duka akikukataza kupima, hamia duka la pili.

Soma kibati pia. Stima yetu ni voliti 240, hetzi 50. Kuna mashine za mitumba kutoka Marekani, nzito na nzuri kuliko yangu, zinazouzwa bei ya kutamanisha kwa sababu zimeandikwa voliti 120, hetzi 60. Ukiichomeka moja kwa moja utanusa moshi. Ukitumia transfoma itazunguka, lakini polepole kwa sehemu moja ya sita, na mota itapata joto zaidi. Na ile transfoma yenyewe, ya kubeba mzigo huo, ina bei yake. Rafiki yangu wa karibu alifuata njia hii. Alipojumlisha gharama zote, alikuwa amefika bei ya mashine mpya.

Ule mkono wa mkanda unaofungwa kwenye grainda ya kawaida nao niliujaribu, kwa kuwa ndio wa bei ya chini kuliko vyote. Angalia uzi wa shafti kwanza: grainda ndogo za milimita 100 kwa kawaida zina M10 (uzi wa kipenyo cha milimita 10), za 115 na 125 zina M14, na mikono mingi ya bei nafuu hutoka na M10. Kwa kulainisha kiungo cha kuchomelea ni kifaa kizuri. Kwa visu, grainda inazunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, ina brashi za kaboni ndani ya mota zinazochakaa, na haikuumbwa kufanya kazi saa nzima bila kupumzika. Niliirudisha kwenye kazi yake ya kukata vyuma.

Kilichonitoa kwenye shida ni karakana moja ndogo Industrial Area inayouza msasa wa viwandani kwa roli. Niliingia kuuliza mikanda ya 762, kijana wa pale akaniuliza, "Unataka urefu gani? Sisi tunakata na kuunga." Nikasimama pale nikiwa kama niliyefunguliwa mlango. Kama mkanda unaweza kukatwa urefu wowote, basi si lazima nifuate mashine. Mashine inaweza kunifuata mimi.

Nikaenda Kamukunji. Ukikaribia kwa miguu kutoka upande wa Gikomba, nyundo unazisikia kabla hujaona mtu: masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai, vyote vinagongwa kwa pamoja. Mzee niliyeelekezwa kwake hakuwahi kutengeneza mashine ya aina hii, lakini nilipomchorea kwenye boksi la katoni aliuliza maswali matatu, na yote yalikuwa ya maana: mkanda utakazwa na nini, utarekebishwa upande kwa njia gani, na vumbi litaenda wapi. Tulichagua urefu wa milimita 1,830 na upana wa 50, ile inchi 2 kwa 72 ambayo watengenezaji wa visu wa Marekani wameizoea. Sababu ni hiyo hiyo ya mkanda: karakana ikifungwa kesho, ni urefu ambao naweza kuuagiza nje kwa kila namba na kila aina.

Magurudumu yalikerezwa kwa alumini. Gurudumu la juu mzee alilipa tumbo kidogo, katikati pakiwa juu kuliko kingo kwa kama unene wa kadi mbili. Nilimuuliza kwa nini asilifanye bapa. Akafunga mkanda, akazungusha kwa mkono, akausukuma pembeni kwa kidole. Mkanda ukapanda wenyewe kurudi katikati. "Unapenda kupanda mlima," akasema. Nimeona mashine za bei kubwa zisizo na tumbo hilo, na mikanda yake huruka kila mara.

Mota nilinunua ya mtumba, nguvu farasi moja, iliyofungwa kabisa na yenye feni nje. Hili la kufungwa lisikupite. Mota yenye matundu huvuta unga wa chuma ndani, na unga wa chuma kwenye nyaya ni kifo chake. Mizunguko yake ni 1,440. Kwa gurudumu la milimita 100 inanipa mita 7.5 kwa sekunde, nusu ya mwendo wa mashine ya kwanza, na huo ndio natumia kunolea. Nikitaka kutengeneza kisu kutoka springi ya lori, nafunga gurudumu la milimita 150 na kupata kama mita 11. Kubadilisha ni dakika kumi na spana moja. Wapo wanaotumia mota ya fezi tatu na kisanduku cha kubadili mwendo kwa kitufe. Ni kizuri, na siku moja nitakinunua, lakini kwa sasa spana inanitosha. Kazi ya saa nzima mfululizo inakula kama uniti moja ya tokeni.

Jumla ilifika 31,000, na nilichukua miezi mitano kuilipa. Ukilinganisha na 13,500 utasema ni ghali. Mimi nalinganisha na mikanda. Mkanda wa milimita 50 kwa 1,830 una eneo karibu mara tano la ule mdogo, unapoa unapozunguka njia ndefu, na kwangu unadumu wiki tatu pale ambapo mdogo ulidumu siku tisa, nikinoa visu vingi zaidi. Kuhusu aina ya msasa, ya kahawia ya kawaida inatosha kunoa. Ya sirkonia, yenye chembe imara zaidi, nahifadhi kwa kuondoa chuma kingi. Ile ya kauri, ambayo kila mtu anaisifu, inataka ibonyezwe kwa nguvu ili chembe zake zivunjike na kutoa meno mapya. Juu ya mota ya wati 250 mashine inasimama kabla mkanda haujaamka, na utakuwa umelipia kitu usichoweza kukitumia.

Mashine ndogo sikuiuza. Imefungwa mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia, na kazi yake ni kuondoa ule unywele wa chuma unaobaki ukingoni baada ya kunoa. Kwa hilo ni mashine bora kabisa.

Kisu cha mzee nilikitengeneza upya bila malipo. Niliondoa karibu milimita 3 za ukingo, pole pole, bapa likiingia kwenye ndoo kila nikipitisha mara mbili, hadi nikafika kwenye chuma ambacho moto haukukigusa. Makali yakielekea chini, kufuata mkanda unakokwenda, kamwe si kuukabili. Nikifika kwenye ncha nasimama ncha ikiwa katikati ya mkanda, naondoa kisu; ukiivuta ncha hadi ipite ukingo wa mkanda, inaviringika kama kidole. Nikamaliza kwa pembe ya nyuzi 20 kila upande. Kimekuwa chembamba kuliko zamani na mzee analijua hilo. Alikichukua Jumatatu. Ijumaa alimtuma mjukuu wake na visu vinne vilivyofungwa kwenye gazeti, na kile cha mpini wa manjano hakikuwemo.

Mwezi uliopita amekuja binti mmoja wa Kariobangi, ana kipande cha springi alichokikata mwenyewe kwa msumeno, umbo la kisu tayari, msuka (ile sehemu inayoingia mpinini) umenyooka. Alikuwa na 12,000 na picha ya mashine kama yangu ya kwanza kwenye simu. "Fundi, hii inafaa?" Nikamuuliza mikanda. Hakuwa ameulizia. Tukatoka pamoja, tukapita maduka ya vifaa, nikamwachia yeye aulize mikanda ya urefu gani ipo na namba zipi. Alirudi kibandani na mashine ya mkononi ya seremala, ile ya milimita 75 kwa 533, na mikanda sita ya namba tatu tofauti, na chenji. Tuliigeuza chali, tukaibana mezani kwa vibanio viwili na mbao. Ina kitufe cha mwendo pembeni. Tulisafisha kwanza kimfuko chake cha vumbi, kwa kuwa cheche za chuma juu ya unga wa mbao zinawasha moto.

Kisu chake cha kwanza kilikuwa na mteremko mzuri upande wa kulia. Upande wa kushoto, karibu na mpini, mstari ulipinda kidogo pale alipobonyeza zaidi. Kabla sijasema kitu alikuwa ameshachukua kalamu ya wino, amepaka ile sehemu yote rangi nyeusi ili aone mkanda unagusa wapi, na amewasha mashine tena.